Mwaka Tuliorudia Kemia Pale Kaaga

Juzi msichana wa jirani yangu hapa Kanyakine, Mwendwa, aliingia jikoni kwangu akiwa amenuna. Matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na kemia amepata D. Akakaa kwenye kigoda akinitazama nikimenya ndizi, kisha akauliza, "Nyanya, ni kweli ulikuwa sista wa wodi miaka yote hiyo? Kwani kemia wewe ulipata ngapi?"

Nikamwambia mara ya kwanza nilipata D kama yake, na baiolojia ilikuwa hivyo hivyo. Akacheka, akidhani namfariji. Nikamwambia anyamaze anisaidie kumenya ndizi, nikaanza kumsimulia. Sasa nawasimulia na nyinyi wengine mnaorudia masomo ya sayansi ili mwende chuo cha uuguzi. Lakini msitegemee nitawapa njia iliyonyooka. Mengi yaliyonipata mwaka ule sikuyaelewa yakinipata, na machache hadi leo nikiyafikiria najikuna kichwa.

Mimi nilianza kazi ya hospitali kwa ufagio. Nilipomaliza shule na alama zangu hizo, nilipata kibarua cha kusafisha wodi ya wanaume katika hospitali moja upande wetu wa Imenti. Msimamizi wa wodi alikuwa Sista Gacheri, mama mfupi, mkali, aliyetembea haraka kiasi kwamba wagonjwa walimsikia kabla hawajamwona. Asubuhi moja nilikuwa napiga deki, nikamwambia Sista kwamba mzee wa kitanda cha pembeni anapumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na bado amelala tu. Sista aliacha dawa zake pale pale, akaenda, akamkalisha mzee kwa mito, akamwita daktari. Walimshughulikia mpaka saa sita.

Baadaye akaja kunitafuta nikisuuza matambara.

"Wewe Kagendo, kwa nini unafagia?"

"Kwa sababu nilifeli, Sista."

"Kufeli si kazi. Ulifeli nini?"

"Kemia. Na baiolojia."

"Basi si urudie?"

Nilidhani ananidhihaki. Mtu mzima arudie kidato cha nne? Lakini wiki iliyofuata alinipangia zamu za asubuhi pekee, akaniambia kuna mwalimu anayefundisha watu wazima kule Kaaga, karibu na mji wa Meru, kila alasiri. "Mimi nimekuona ukifanya kazi," alisema, "lakini chuo hakitaniuliza mimi." Sikujua nishukuru au nilie. Nilikuwa nimeshazoea ufagio.

Kaaga, kama mnavyojua, kila unapogeuka unaona shule. Darasa letu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya shule ambayo siitaji, na tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kulikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni, askari mmoja, vijana waliokosa kidogo tu. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Njeru, mtu wa Embu, mwembamba, mpole, aliyekuwa na tabia ya kufuta ubao kwa kiwiko cha koti lake. Kiwiko hicho kilikuwa cheupe daima.

Siku ya kwanza nilipoingia alikuwa anafundisha jambo linaloitwa moli. Alisema kwa Kiingereza, na mimi neno hilo la Kiingereza nililijua kwa maana moja tu: fuko, yule mnyama anayechimba chini ya ardhi na kumaliza viazi. Nikafungua daftari nikaandika. Mwalimu akasema moli moja ya kaboni ina uzito huu, moli moja ya oksijeni ina uzito ule. Nikajiuliza fuko wa oksijeni anafananaje. Nilikaa nimekunja uso somo zima. Nilifikiri labda ni mfano, na kwamba mwishoni atatueleza fuko anahusikaje. Hakueleza.

Tulipotoka nikamuuliza kijana aliyekuwa amekaa kando yangu, mrefu sana, mabega ya kubeba mizigo. "Samahani, kaka. Yule fuko alikuwa wa nini?"

Akanitazama. Kisha akacheka hadi akaegemea ukuta. Lakini hakucheka vibaya, na alipomaliza alichukua kokoto akaziweka chini, akanieleza. Kama vile dazeni ni jina la fungu la vitu kumi na viwili, alisema, moli nayo ni jina la fungu, ila fungu kubwa mno. Ukiwa na dazeni ya maembe na dazeni ya ndimu, idadi ni ile ile, uzito ni tofauti. Nilielewa pale pale, nimesimama na kikapu mkononi.

Huyo ndiye Yusufu. Kwao ni Majengo, mjini Meru. Baba yake alikuwa na lori, na Yusufu alikuwa akipakia na kupakua tangu akiwa shuleni. Alitaka uuguzi kwa sababu ya nyanya yake. Bibi alipooza upande mmoja akalala miaka, na Yusufu ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha. "Hakupata kidonda hata kimoja mgongoni," aliniambia, na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akijisifia. Baba yake alimwambia uuguzi ni kazi ya wanawake. Yusufu akamjibu kwamba bibi alikuwa mzito kuliko gunia la mahindi, mwanamke gani angemgeuza peke yake?

Kichwa chake cha kemia kilikuwa ajabu. Hesabu zile za asidi na besi alizifanya akitafuna njugu. Ndiyo maana sikuelewa alikuwa anarudia nini. Nilimuuliza. Akasema, "Hata mimi sijui, dada Kagendo. Kila nikitoka kwenye mtihani najua nimepita, kila matokeo yakija nimeanguka." Nilidhani anaficha kitu, labda aliugua, labda alikosana na walimu. Sikumchimba.

Tukawa tunasaidiana, yeye kemia, mimi baiolojia. Na hapa nitawapa jambo moja la kuwafaa. Moyo usiusome kitabuni tu. Mimi kitabu kilinichanganya kabisa: upande wa kushoto wa moyo umechorwa kulia kwa ukurasa, na wa kulia umechorwa kushoto, na mshale wa damu unatoka huku ukirudi kule. Nilijibu maswali yote ya moyo kinyumenyume. Mwishowe nilikwenda kwa muuza nyama hapa Kanyakine nikamwomba moyo wa ng'ombe, nikaukata mezani kwa mama kwa kisu cha mboga. Nikaona kwa macho yangu ukuta wa upande mmoja ulivyo mnene na wa pili ulivyo mwembamba. Nikaingiza kidole kwenye mishipa kuona kinatokea wapi. Mama aliingia akakuta binti yake mtu mzima ameingiza vidole ndani ya moyo na anajisemesha, "Kushoto, kushoto, sasa mapafu." Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akasema kwa Kimeru kwamba nikimaliza kuongea nao, niupike.

Ukiona mchoro wa mwili, jifikirie unamtazama mgonjwa aliyekukabili. Mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wako wa kushoto. Ni jambo dogo, lakini nimewaona wanafunzi wa chuo wakilikosea wakiwa na sindano mkononi.

Mtihani wa kitaifa tulifanyia Embu, kwa sababu shule moja huko ilikubali watahiniwa wa nje na ilikuwa na maabara. Pale Kaaga hatukuwa na maabara. Mwalimu Njeru alikuwa akituletea chupa chache, anachanganya yeye mwenyewe mbele, sisi tunaandika anayosema. "Imekuwa ya kijani," anasema, tunaandika kijani. Kwa hivyo wengi wetu, siku tuliyoshika bureti kwa mikono yetu wenyewe ndiyo siku ya mtihani. Bureti ni ule mrija mrefu wa kioo wenye kifunguo chini. Unaachia asidi tone kwa tone mpaka maji yaliyo chini yageuke rangi, kisha unafunga. Niliishika kwa mikono miwili nisije nikaivunja. Yusufu alikuwa meza ya pili kutoka kwangu, ametulia. Nilimwonea wivu.

Matokeo yalipotoka tulikwenda kuyaangalia pamoja. Mimi: baiolojia nzuri, na kemia nimepita, tena vizuri kuliko nilivyoota. Yusufu: baiolojia nzuri, kemia D.

Tulisimama kwenye ukumbi wa ile shule ya Embu, tumeduwaa. Nilisoma jina langu tena, nikafuata mstari kwa kidole. Yusufu naye akafuata kwa kidole. Namba zetu zilikuwa zimefuatana.

"Wamechanganya," nikasema mimi kwanza. "Yusufu, hii si yangu. Hii ni yako."

Akaondoa kidole chake kwenye karatasi.

Tulikwenda kwa Mwalimu Njeru. Naye akashangaa, akatuandikia maombi ya kusahihishiwa upya, akayapeleka mwenyewe. Jibu likachukua muda, na lilipokuja lilikuwa fupi: matokeo ni hayo hayo, kila mtu na yake.

Mngetarajia nifurahi. Sikuweza. Mtu aliyenifundisha moli kwa kokoto ameanguka, na mimi niliyeandika habari za fuko daftarini nimepita! Nilijaribu kuifanya hesabu ile kichwani kila upande, haikutoka. Na Yusufu alibadilika. Alinipongeza, ndiyo, lakini kwa sauti ya kumpongeza mtu wa mbali. Siku moja nikamwambia tena labda walichanganya hata walipokagua. Akasema, "Chukua tu, Kagendo. Imeandikwa jina lako." Hakuniita dada. Baada ya hapo hakuja Kaaga. Nikasikia amerudi kwenye lori la baba yake.

Chuo cha Embu kikaniita. Sista Gacheri alinikumbatia mbele ya wagonjwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akifanya. Nami nikamwambia sijui kama nitaenda.

"Kwa nini?"

"Sijui kama ni alama yangu, Sista." Nikamweleza habari za Yusufu.

Akanitazama kama aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. "Na ukikaa," akasema, "itakuwa ya yule kijana?"

Nilirudi nyumbani kwa mama kusubiri muhula uanze, na nilikuwa bado sijaamua.

Huo ulikuwa msimu wa kahawa. Kwetu wakati huo hakuna anayeenda popote. Zikiiva zimeiva, na kiwandani wanapokea matunda mekundu tu. Asubuhi moja lori lilisimama barabarani juu ya shamba letu. Lilikuwa limekuja kubeba magunia ya kiwanda, likaambiwa lisubiri. Dereva akalala ndani ya kebini. Mwenzake akashuka kuomba maji ya kunywa, na mwenzake huyo alikuwa Yusufu. Hakujua hapo ni kwetu. Tulisalimiana kama watu waliokutana msibani.

Mama alimpa maji, na alipomaliza kunywa akamkabidhi kikapu. Kwa mama yangu, mtu hasimami tu watu wengine wakichuma. Yusufu akacheka kidogo, akaingia kati ya mibuni. Alikuwa mwepesi, kwa urefu wake alifikia matawi ambayo sisi tunayavuta kwa kulabu.

Baada ya muda mama alikwenda kutazama kikapu chake. Nikasikia kelele. "Kagendo! Njoo uone kijana wa mjini alichonifanyia!"

Kikapu kilijaa kahawa nyekundu na kahawa ya kijani, zimechanganyika, nusu kwa nusu. Matunda machanga, magumu, ambayo yalihitaji majuma kadhaa tena mtini.

Na mimi, hasira ikanipanda. Nilidhani amefanya kusudi. "Yusufu," nikamwambia, "ukiwa na kinyongo na mimi, nitukane mimi. Usimalizie kwa kahawa ya mama yangu."

"Kinyongo gani?" Alionekana amepotea. "Nimechuma zile kubwa kubwa. Si mlisema nichume zilizoiva?"

"Hizi zimeiva?" Nilishika tunda la kijani.

"Sijalibonyeza hilo."

"Kwani lazima ubonyeze? Huoni?"

Akachungulia kikapu tena. Nikachukua matunda mawili, moja jekundu kama damu, moja la kijani, nikayaweka kwenye kiganja. "Niambie lipi limeiva. Usiguse."

Aliinama akatazama. Akasogeza kichwa upande huu, akasogeza upande ule, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mama alianza kucheka, kisha akaacha. "Dada Kagendo," Yusufu akasema polepole, "haya ni ya aina moja. Unanichezea."

Nikamwonyesha leso ya mama, yenye maua mekundu kwenye majani ya kijani. Akasema anaona majani tu. Nikamuuliza ndizi mbivu huwa anaijuaje. Akasema kwa kuinusa na kuibonyeza, kila mtu si hufanya hivyo? Na kule Meru mjini siku hizo hapakuwa na taa za rangi za kuongoza magari ambazo zingemuumbua mtu.

Tukakaa chini kati ya mibuni. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Siku ya mtihani, pale maabara, zile rangi ulizijuaje?"

"Nilikisia," akasema. "Si kila mtu alikisia? Mwalimu akisema hii imekuwa ya kijani, ile ya kahawia, mimi huona tope na tope. Nilidhani ni maneno ya kukariri, kama majina ya wafalme. Nilidhani nyote mnakariri."

"Na ile bureti?"

"Nilisubiri igeuke. Sikuona ikigeuka. Nikafunga nilipoona wengine wamefunga."

Sasa nieleze nilivyojisikia, maana mpaka leo sijui jina la hali hiyo. Ile alama ilikuwa yangu. Kwa mara ya kwanza nilijua hivyo kwa hakika, na uzito ukaniondoka kifuani. Papo hapo nikataka kulia kwa ajili ya mtu niliyekaa naye mwaka mzima bila kuona kwamba haoni ninachoona. Yusufu ndiye aliyekuwa ametulia. Aliendelea kugeuza yale matunda mawili mkononi, akiyabonyeza, hili gumu, hili laini, hili gumu, hili laini. Mama akauliza kwa Kimeru kama kijana ni mgonjwa. Nikamwambia sijui, mama. Nafikiri si ugonjwa. Akasema basi apewe uji.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa Mwalimu Njeru. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani akaifuta kwa kile kiwiko cha chaki, ikawa chafu zaidi. "Nimefundisha rangi hizi tangu nilipotoka chuoni," akasema. "Nimewaambia wanafunzi wangapi kwamba ni wazembe?" Alitembea hadi dirishani akarudi. "Yusufu, unaona nini hasa? Usiniambie rangi. Niambie tu unachoona."

"Naona kilichokoza na kilichofifia, Mwalimu. Hiyo naona vizuri sana."

"Basi tutafanya na hicho."

Alimwombea nafasi kwenye maabara ya rafiki yake, siku za Jumamosi. Walikuwa wakiweka chupa mbili juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, moja haiguswi, moja inaongezwa tone kwa tone. Yusufu hakutafuta rangi tena. Alitafuta wakati ambapo chupa moja inaacha kufanana na mwenzake. Yale matope mawili, kijani na kahawia, alijifunza kuyajua kwa jinsi yalivyokoza yakiwa yamekaa kando kwa kando. Mara nyingine alikosea. Mwalimu alikasirika, si kwa Yusufu, sijui kwa nani. Kisha wakarudia.

Mimi nikaenda chuo. Sitawadanganya kwamba huko nilielewa kila kitu. Muhula wa kwanza, somo la dawa, nilikuwa nimepotea kama siku ya fuko. Lakini sasa nilipopotea niliinua mkono. Nilikuwa nimeona kinachompata mtu anayedhani ni yeye peke yake ambaye hajaona, na zaidi anayedhani wote hawaoni. Siku hizi kuna mashine inayohesabu matone ya dripu. Sisi tulihesabu kwa saa ya mkononi tukiwa tumesimama kando ya kitanda, na mhadhiri akikuuliza umepataje jibu lako huwezi kusema mashine imesema. Jifunzeni kuhesabu kwa saa. Umeme ukikatika mtanishukuru.

Mwaka uliofuata Yusufu alifanya kemia tena, Embu, maabara ile ile. Alipita. Si kwa alama za kujisifu, lakini zilitosha, na chuo kikamwita.

Kulibaki jambo moja ambalo lilitutia hofu sisi sote watatu, mimi, yeye na Mwalimu. Kila mwanafunzi mpya alipimwa na daktari wa chuo, na kipimo kimojawapo kilikuwa cha macho: kitabu chenye kurasa za nukta za rangi, na ndani ya nukta kumefichwa namba. Mtu wa macho ya kawaida huiona namba. Wengine chuoni walimshauri Yusufu azikariri namba zile, kwa kuwa kurasa zilijulikana. Nami nilimwambia azikariri. Nilikuwa nimemwona akiangushwa vya kutosha.

Asubuhi hiyo nilimsindikiza nikakaa kwenye benchi nje ya mlango. Alikaa ndani sana. Yaliyosemwa huko alinisimulia mwenyewe alipotoka, tena neno kwa neno, kwa hivyo nayajua kama niliyekuwepo.

Daktari alifungua kitabu, akauliza anaona namba gani.

"Naweza kukuambia, Daktari," Yusufu akasema, "kwa sababu nimeambiwa. Lakini sioni namba yoyote."

Daktari akafunga kitabu. Akafungua kabati, akaweka mezani pamba mbili, moja ina damu, moja ina iodini. "Ipi ni damu?"

Yusufu akainua moja akainusa. "Hii ni iodini. Kwa hivyo damu ni hiyo nyingine."

"Na mkojo? Ukiwa na damu ndani yake, utanusa?"

"Hapana. Huo nitamwita mwenzangu atazame."

"Ukiwa peke yako wodini?"

"Nitamuuliza mgonjwa, Daktari. Yeye ana macho. Tena ndiye anayejua jana ulikuwaje."

Daktari akachukua kalamu akaandika kwa muda. Aliandika kwamba huyu mwanafunzi haoni baadhi ya rangi, kwamba wasimamizi wake wajulishwe, na kwamba vipimo vya rangi asivisome peke yake. Halafu akatia sahihi kwamba anafaa. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi mpaka tulipostaafu, na nilikuwa naye wodi moja kwa miaka mingi. "Dada Kagendo, nisomee hiki," alikuwa akiita kutoka upande wa pili, mbele ya watu wote, bila aibu. Wanafunzi wapya walimcheka. Kisha waliona kwamba wagonjwa wake walikuwa wakiulizwa maswali mengi kuliko wagonjwa wa mtu mwingine yeyote, na kwamba walikuwa wakiyajibu.

Lakini asubuhi ile ya kwanza sikuyajua hayo yote. Nilimwona tu ametoka na uso usiosomeka.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema nianze Jumatatu."

"Basi mbona uko hivyo?"

"Kuna jambo moja sikulielewa." Alikuna kidevu. "Nilipofika mlangoni aliniita. Akanitazama toka juu hadi chini, akasema, 'Bahati yako nzuri, sare ya hapa ni nyeupe yote, mpaka soksi.' Kisha akacheka. Alikuwa na maana gani?"

Nikatazama miguu yake. Soksi ya kulia ilikuwa ya kijani. Ya kushoto ilikuwa ya kahawia.

"Kagendo," akasema, "mbona unalia? Au unacheka?"

Nilimwambia hata mimi sijui.